Tulivyopata nafasi jikoni bila kuongeza hata tofali moja

Jiko letu lina upana wa mita 2.1 na urefu wa mita 2.7. Nyumba ni yetu, iko Tabata, Dar es Salaam, ila tuliinunua ikiwa imeshajengwa, kwa hiyo vipimo tulivikuta. Aliyeijenga nadhani alitegemea kupikia uani, na hili la ndani akaliacha kwa ajili ya chai na kupasha chakula. Sisi tunapikia ndani kila kitu: ugali, wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga. Mama yangu anaishi nasi, na yupo dada anayenisaidia kazi za nyumbani. Ikifika jioni tunakuwa watatu mle ndani, na watoto wanaingia na kutoka kutafuta maji ya kunywa.

Mlango ulikuwa ukifungukia ndani. Mkono wa kushoto slabu ya zege ilifuata ukuta mrefu, ikakata kona na kupita chini ya dirisha, ndipo palipokuwa na sinki. Pembe ya kulia kule mwisho ilisimama friji, imeziba sehemu ya dirisha. Sakafuni kulikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 15, ndoo za maji, pipa la unga na jiko la mkaa la dharura. Mama alikuwa akikunia nazi koridoni, kwa sababu mbuzi haikuwa na pa kukaa. Mtu mzima wa umri ule amekaa koridoni, kifuu mkononi, na wajukuu wanamruka miguu. Hakuwahi kulalamika, lakini mimi kila nikipita pale moyo uliniuma. Hilo ndilo lililonisukuma, kuliko hamu ya kuwa na jiko la kupendeza.

Fundi wa kwanza niliyemwita alisimama mlangoni, akatazama kushoto na kulia, akasema, "Mama, hapa tunapiga kabati kuta zote mbili, chini na juu, mpaka kwenye dari. Vitu vyote vinaingia ndani, unafunga, jiko linabaki safi." Akanionyesha picha kwenye simu. Zilikuwa nzuri kweli. Bei yake ilikuwa shilingi milioni 4 na laki 8.

Kabla ya kumjibu nilichukua futi kamba. Kabati la chini, ili sufuria na jiko la gesi vikae vizuri juu yake, linahitaji kina cha sentimita 60 hivi. Ukiweka 60 kushoto na 60 kulia kwenye upana wa mita 2.1, unabakiwa na sentimita 90 za kupita. Hizo zinamtosha mtu anayepika peke yake. Kwetu mmoja akivuta droo na mwingine akigeuka na sufuria ya maji ya moto, hapo ndipo watu wanapoungua. Na kabati za juu zenye kina cha sentimita 35, tena pande zote mbili, zinakuja karibu na uso.

Nikamwambia, "Fundi, tuchore kwanza kwa chaki." Tukachora sakafuni mistari ya kabati zake, kisha nikapanga maboksi ya biskuti kutoka dukani kwa jirani, urefu wa kiuno, pale ambapo kabati la kulia lingekaa. Tukapika hivyo hivyo, maboksi yakiwa yamesimama. Kwenye simu lilikuwa jiko, kwenye maboksi likawa uchochoro. Dada aligonga kiwiko kila alipogeuka, na mama hakuingia kabisa. Nilimshukuru fundi, nikamlipa nauli yake, nikaachana na mpango ule.

Kwa yeyote mwenye jiko dogo, hili la chaki na maboksi ndilo ningemsihi asiliruke. Halina gharama, na linakuonyesha kitu ambacho hakuna mchoro wala picha inayokionyesha: mwili wako unavyogeuka ukiwa na sufuria mikononi.

Baada ya hapo nilitoa kila kitu nje. Tulitandika mikeka uani tukapanga vyombo vyote, hadi vijiko. Nilipoona mikeka imejaa ndipo nilipoelewa kwamba tatizo la jiko letu lilikuwa wingi wa vitu kuliko udogo wa chumba. Tulikuwa na makopo ya plastiki yasiyo na mifuniko, mifuniko isiyo na makopo, thermosi zilizovunjika kioo ndani, masinia ya wageni, na masufuria makubwa ya shughuli ambayo hutoka mara chache kwa mwaka, kukiwa na hitima au harusi. Vile vya kila siku vilienea kwenye mkeka mmoja tu, tena na nafasi ikabaki.

Hapa pana jambo la kwenda nalo polepole. Masufuria yale mengi ni ya mama. Mengine alipewa siku alipoolewa. Mtu akiyaita takataka anamvunjia heshima mwenye nyumba. Nilikaa naye pale uani, nikamuuliza kipi hataki kitoke machoni pake. Akachagua sufuria moja ya shaba na chano cha kupetea mchele. Mengine akasema, "Haya ni ya watu, si ya jikoni. Yatafutie pa kulala." Tukayaweka juu ya rafu imara koridoni, karibu na dari, yamegeuzwa kifudifudi na kufunikwa kitambaa. Yakihitajika, kijana anapanda ngazi anayashusha. Vingine tuligawa. Rafu ile ya koridoni ilitugharimu mbao chache na siku ya fundi, na ndiyo iliyotupa nafasi kubwa kuliko kabati lolote tulilotengeneza baadaye.

Katika kutafuta watu wengine walivyofanya na majiko madogo, nilisoma habari za jiko la Frankfurt, Ujerumani, lililobuniwa mwaka 1926 na mwanamke msanifu majengo, Margarete Schütte-Lihotzky. Lilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, kubwa kidogo tu kuliko letu, na lilijengwa kwenye nyumba elfu kumi hivi za watu wa kipato cha kawaida. Alitazama jikoni za mabehewa ya treni, akahesabu hatua anazopiga mpishi, akapanga kila kitu mkono unapofika. Mlango akauweka wa kusukuma pembeni. Aliyesimamia mradi ule wa nyumba, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934 akawa mkulima, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi, akachora hata mpango wa kupanua mji wa Kampala. Nilifurahi kujua kwamba mtu yule aliishi huku kwetu.

Kwa Margarete nilichukua mambo mawili: mlango wa pembeni, na desturi ya kuhesabu hatua. Mengine niliyaacha, kwa sababu jiko lile lilipangwa kwa mwanamke mmoja anayepika peke yake, kila kitu kimemzunguka. Wali wa nazi wa watu wengi haupikwi hivyo. Mmoja anakuna, mmoja anachuja tui, mmoja yuko motoni. Ukiliiga jiko la mpishi mmoja, wenzako unawatoa koridoni, na hilo ndilo nililokuwa nalikimbia.

Tukaanza na mlango. Mlango wa sentimita 80 ukifunguka hadi mwisho unafagia karibu nusu mita ya mraba ya sakafu, na hapo huwezi kuweka chochote wala kusimama kwa raha. Jiko zima lina mita za mraba 5.67, karibu sehemu moja kati ya kumi na moja ilikuwa ya mlango. Tuling'oa bawaba, fundi akaufunga mlango ule ule kwenye reli upande wa koridoni, ukawa unateleza ukutani. Gharama laki 1 na elfu 80, reli na ufundi pamoja. Angalia tu ukutani pasiwe na swichi ya taa mahali mlango utakapolala. Yetu ilikuwepo, ikabidi ihamishwe.

Mtungi wa gesi ukafuata. Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kutuama chini, kwa hiyo kuuficha mtungi ndani ya kabati lililofungwa kwa ajili ya urembo ni hatari. Tuliutoa nje, nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye kibanda cha wavu wa chuma chenye kufuli na paa dogo, umesimama wima, mbali na shimo la maji machafu. Fundi wa gesi alipitisha bomba la shaba ukutani, na mpira ukabaki kipande kifupi tu nyuma ya jiko, kinachoonekana na kinachobadilishika. Usimruhusu mtu apitishe mpira ndani ya ukuta. Akimaliza, mwambie apake povu la sabuni kwenye maungio yote mbele yako. Povu likitoa mapovu mapya, hajamaliza. Kama kwenu hakuna pa kuutoa, basi uwe wazi, na chini ya ukuta pawe na matundu ya hewa.

Friji ilileta mjadala. Mume wangu hakupenda iondoke jikoni. Kwake friji mahali pengine ni dalili ya nyumba isiyopangika. Nilimwomba aingie jikoni jioni, wakati sote tumo, asimame karibu na friji kwa muda. Alitoka akasema tuijaribishe koridoni, mkabala na mlango wa jiko. Imekaa pale mpaka leo. Ni hatua mbili zaidi kufuata maziwa, lakini ukuta wote wa kulia ukawa mtupu, na njia ikawa mita moja na nusu kutoka slabu hadi ukutani. Na joto la mgongo wa friji likatoka nalo, jambo ambalo kwa Dar es Salaam, hasa Januari na Februari, si dogo.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni dirisha. Lilikuwa na upana wa mita 1.2, lakini chini lilianzia mita 1.4 kutoka sakafuni, hivyo ukiwa unaosha vyombo unatazama ukuta. Fundi uashi wa kwanza alitaka kulipanua pembeni, na hiyo ilimaanisha kukata linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, na kumwaga nyingine. Mwingine, mzee mmoja mtaratibu, aligonga ukuta, akasema, "Usiguse linta. Tushuke chini." Akatoa kozi za tofali chini ya dirisha mpaka karibu na slabu. Upana ukabaki ule ule, linta ikabaki ilivyo, na kimo cha dirisha kikatoka sentimita 70 hadi mita 1.1. Tukaweka alumini ya kusukuma, wavu wa mbu na grili mpya. Yote laki 4 na elfu 20.

Sijui nieleze vipi tofauti ile. Sasa nikiwa kwenye sinki naona mpapai wa jirani na kamba ya nguo, na macho yanatoka nje ya chumba. Mvuke wa ugali unatoka badala ya kutuama darini. Juu ya mlango mzee yule alitoboa safu ya matundu, upepo ukapata pa kupitia kutoka dirishani hadi koridoni. Dirisha peke yake bila upenyo wa upande wa pili hewa haitembei. Nilimwambia mzee aagize grili yenye nondo za kulala chache na nyembamba badala ya maua maua yanayopendwa na wachomeleaji wengi, maana maua yale yanakula nusu ya mwanga uliogharamia.

Sakafu tuliweka marumaru zile zile zilizokuwa koridoni, za sentimita 60 kwa 60. Dukani Kariakoo muuzaji alinishawishi nichukue za mapambo, ndogondogo, "ili jiko lipendeze". Nikakataa, kwa sababu kila kiungo ni mstari, na mistari mingi inakifanya chumba kionekane kimekatwakatwa. Sakafu inapotoka koridoni ikaingia jikoni bila kubadilika, jicho halijui jiko limeanzia wapi. Grauti ya kujazia viungo ichukue rangi iliyo karibu na marumaru. Na zisiwe za kung'aa: mafuta na maji yakikutana juu ya marumaru inayong'aa, mtu anaanguka. Ukutani tuliweka za rangi ya maziwa nyuma ya jiko na sinki tu. Kwingine tulipaka rangi ya mafuta isiyo nyeupe kabisa, inayofutika kwa kitambaa. Dari ndiyo nyeupe.

Kabla ya marumaru, mwite fundi umeme. Taa moja katikati ya dari inakuwa nyuma yako ukisimama kwenye slabu, na unakatia vitunguu ndani ya kivuli chako mwenyewe. Tuliongeza taa za utepe chini ya rafu, zinamulika slabu moja kwa moja, na usiku pembe zote zinaonekana. Pembe yenye giza hupunguza chumba. Soketi mbili zikapanda juu ya slabu kwa ajili ya blenda na birika.

Kwenye kabati ndipo pesa ilipotupotea. Tulitengeneza za chini tu, chini ya slabu iliyokuwepo. Niliomba droo badala ya milango, kwa sababu kwenye kabati la mlango unapiga magoti na kuingiza kichwa kutafuta chujio, wakati droo unaivuta na kila kitu kinakutazama juu. Fundi aliyeshika kazi alidai malipo ya awali asilimia 80, akachelewa sana, simu zikawa hazipokelewi. Alipoleta kazi, sehemu ya chini ya sinki alikuwa ametumia MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, kingo zake zikiwa hazijazibwa. Sinki lilipodondosha matone kidogo tu, ubao ukanywa maji, ukavimba, mlango ukagoma kufunga. Haikufika mwaka. Tulilia na hali ile, maana hiyo sehemu tayari ilikuwa imeshalipiwa.

Fundi wa pili, kutoka Keko, alitoa kila kitu chini ya sinki, akaweka fremu ya alumini, laki 1 na elfu 60. Kwa hali ya hewa ya pwani, karibu na maji tumia alumini, zege au plaiwudi ya kuhimili maji. MDF ikae mbali, tena kila ukingo uwe umezibwa. Malipo yagawe: ya vifaa, ukanunue naye, ya pili kazi ikiwa nusu na umeiona kwa macho, ya mwisho baada ya kuvuta kila droo ikiwa imejaa sufuria, si ikiwa tupu. Yaandikeni na wote mtie sahihi.

Chini ya droo tuliacha uwazi wa sentimita 15 kutoka sakafuni, bila ubao wa kuziba. Sakafu inaonekana mpaka ukutani, na ndiyo maana chumba kinaonekana kipana. Ufagio unaingia, na mende hawana pa kujificha. Juu tuliweka rafu moja ya kina cha sentimita 25, upande wa slabu tu, juu ya usawa wa macho. Inabeba vikombe, viungo na mafuta. Miiko na upawa vinaning'inia kwenye kulabu. Nje ya hapo ukuta ni mtupu, na nimewakatalia wengi wanaotaka nitundike kitu pale.

Karibu na ukuta wa kulia kuna nafasi ya mita moja kwa mita moja na zaidi isiyo na chochote. Wageni huniuliza nitaweka nini. Hapo ndipo mama anapoweka mbuzi na sinia lake, mgongo ukiwa ukutani, anakuna nazi huku tunaongea, na dada anapita mbele yake bila kuinua mguu. Tuliilipia nafasi hiyo kama tulivyolipia graniti ya juu ya slabu, iliyokwenda kwa laki 7 na elfu 20.

Jumla yote ilifika milioni 3 na laki 3 na kidogo. Tulikuwa tumepanga milioni 2. Kilichozidi ni graniti, marekebisho ya chini ya sinki, na vitu vidogo ambavyo hakuna fundi anayevitaja mwanzoni: usafiri wa mchanga, kubeba kifusi, silikoni, skrubu, chakula cha mafundi.

Kama fedha yako ni kidogo, toa vyombo kwanza, kisha mlango, mtungi na friji. Kwetu hayo yote pamoja na rafu ya koridoni hayakufika laki 4, na tayari jiko lilikuwa limebadilika. Linalofuata liwe dirisha. Kaa na jiko hilo kwa muda, upike, uone nani anasimama wapi, ndipo uite seremala. Droo zinaweza kusubiri: sisi tulipika miezi mingi, chini ya slabu tukiwa tumetundika pazia la kitenge, tukilifua kila Jumamosi, na chakula kilifika mezani kwa wakati.